Vidonge vya Joto na Mguu wa Ndunge

Nyinyi mnaosimama siku hizi nyuma ya kaunta za dawa hapa Machakos, mna bahati kuliko akili, na nasema hivyo kwa upendo. Mna kompyuta. Ukiandika dawa mbili zisizopatana, inawaka nyekundu na kukuuliza kama una hakika. Nimewaona mkiibonyeza ile nyekundu iondoke, haraka haraka, kisha mnamwambia mgonjwa "moja asubuhi, moja jioni" huku macho yenu yapo kwenye simu. Sikasiriki. Mtu aliyestaafu hakasiriki, anaandika.

Mimi ni Mama Mutinda. Nimetoa dawa katika mji huu tangu enzi za bahasha za kaki, tulipokuwa tunachora jua na mwezi ili asiyejua kusoma ajue asubuhi na usiku. Leo nataka kuwaambia habari za dawa moja tu, homoni ya estrojeni, ile ambayo baadhi ya wanawake hupewa hedhi ikikoma na mwili ukianza kuwaka bila moto. Ni dawa nzuri kwa anayeifaa. Lakini ina ugomvi: inagombana na dawa nyingine, inagombana na matunda, inagombana na magonjwa ya zamani ambayo mwenyewe alishayasahau. Ninaye shemeji wa namna hiyo, na simtaji kwa sababu bado anakuja kula kwangu.

Aliyenifundisha kazi alikuwa Mzee Musau, mfamasia mfupi mwenye sauti ya mhubiri wa sokoni. Kunong'ona hakujua, na duka letu lilikuwa dogo. Alikuwa ananiambia, "Mama Mutinda, usimuulize mtu anatumia dawa gani. Muulize anaingiza nini mwilini. Watu wetu wanajua dawa ni ile waliyonunua. Ya bure haihesabiwi. Ya shambani haihesabiwi. Ya jirani ndiyo haihesabiwi kabisa!"

Nilimwona ni mzee wa maneno mengi, mpaka alipokuja mwalimu mmoja wa kike kutoka Masii. Alikuwa anameza estrojeni, joto limetulia, analala vizuri. Ghafla joto likarudi lote, naye akaja kutufokea kwamba tumemuuzia chokaa. Nikamuuliza kama kuna dawa nyingine anatumia.

"Hakuna. Mimi si mtu wa madawa."

Mzee Musau akainua kichwa na kuuliza, mbele ya foleni nzima, "Mwalimu, mkojo wako una rangi gani siku hizi?"

Aisee, nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Mwalimu alitamani immeze Mzee Musau. Lakini alijibu, kwa sauti ya kuelekea sakafuni, kwamba una rangi ya machungwa. Kumbe alikuwa ameanza dawa za kifua kikuu, na hakuziona kuwa dawa kwa kuwa anapewa bure kliniki. Moja kati ya hizo, rifampisini, huliamsha ini likaanza kuivunja estrojeni kabla haijafanya kazi yake. Baadhi ya dawa za kifafa nazo hufanya vivyo hivyo. Mzee Musau akampigia daktari wake simu, wakapanga upya, na dawa za kifua hakuziacha hata siku moja. Hapo sikilizeni, vijana: mkikuta dawa mbili zinapigana, si kazi yenu kuifukuza moja pale kaunta. Mrudisheni mgonjwa kwa aliyeziandika.

Halafu kulikuwa na mama wa Kola na mabalungi yake, yale machungwa makubwa machungu. Mtu fulani kwenye simu alimwambia balungi linakata mafuta ya tumbo, na yeye alikuwa na mti mzima unazaa. Akawa anakula kila asubuhi pamoja na kidonge chake cha estrojeni. Tumbo halikukatika. Matiti yakavimba na kumuuma, kichefuchefu kikamshika, na mume wake, mzee mwenye wajukuu, akaanza kutembea kifua mbele pale Kola akidhani amefanya maajabu. Balungi huzuia mwili kuivunja ile dawa, hivyo inabaki nyingi kwenye damu kuliko alivyokusudia daktari. Mama akaacha balungi, kichefuchefu kikaisha. Mzee naye akarudi kutembea kawaida, na nilimwonea huruma.

Na msiwasahau wanaomeza dawa ya tezi ya shingo. Wakianza vidonge vya estrojeni, huenda wakahitaji dawa ya tezi zaidi, na hilo ataamua daktari kwa kupima damu. Sio mtu kujiongezea nyumbani kwa sababu amechoka. Siku hizi kuna estrojeni ya kubandika kwenye ngozi pia, ambayo haisumbui damu sana kama ya kumeza. Zamani zetu haikuwapo, na ingekuwapo Mzee Musau angeuliza kwa sauti imebandikwa wapi.

Sasa, Ndunge.

Ndunge ni wifi yangu, dada wa mume wangu, na mashamba yetu yamepakana kule Kalama. Sote wawili tulikuwa kwenye mwethya mmoja. Nyinyi wa mjini labda mmesahau mwethya: ni kina mama wanaofanya kazi kwa zamu, leo tunachimba matuta ya shamba la huyu, kesho ya yule, na anayechimbiwa anapika. Sheria ya mwethya wetu ilikuwa moja. Kinachoingia kwa mmoja kinazunguka kwa wote. Mbuzi wa mbegu alizunguka. Sufuria kubwa ilizunguka. Hata dume la kuku lilizunguka mpaka likachoka. Mwenyekiti wetu, Mama Mbithe, alikuwa mwanamke mrefu mwenye moyo mweupe, na kila mkutano aliufungua kwa kutukumbusha kwamba kidole kimoja hakivunji chawa.

Huyu Mama Mbithe alikuwa anapewa estrojeni na daktari wake Nairobi. Vidonge vilimkubali. Akaacha kulowa jasho kanisani, akaacha kufungua madirisha wakati wa baridi ya Julai, na wenzake wakaona. Wakamuuliza kando kando. Naye mwenyekiti akafanya alivyofanya kwa mbuzi na kwa sufuria: akavizungusha. Kila mama aliyekuwa anawaka akapata fungu lake. Akaweka sharti moja tu, Mama Mutinda asijue, kwa sababu Mama Mutinda ni polisi wa vidonge. Haya niliyajua baadaye, na mpaka leo sijui nilie au nijivune.

Mtu hawezi kuwalaumu sana. Joto lile lilikuwa linawatesa kweli, na hakuna aliyekuwa amelitaja kwa sauti. Waswahili walisema mficha uchi hazai. Sisi tulikuwa tumeshamaliza kuzaa, kwa hiyo tulijificha vizuri.

Lakini Ndunge hakupaswa kuonja kidonge hata kimoja. Alipomzaa kitinda mimba wake, Kasyoka, damu iliganda kwenye mguu wa kushoto, akalazwa, na daktari wa wakati ule alimwambia mbele yangu asiguse homoni maisha yake yote. Estrojeni ya kumeza huifanya damu igande kwa urahisi. Kwa mtu ambaye damu yake ilishaganda mara moja, ni kuita shida kwa jina. Baadaye nilimuuliza Ndunge kama alikuwa amesahau. Akaniambia hapana, alikumbuka vizuri sana, ila ile ilikuwa ya uzazi na hii ilikuwa ya joto.

Asubuhi moja nilipita kwake kuomba mchicha. Nikakuta nusu ya mwethya uani. Ndunge amekaa kwenye stuli, mguu wa kushoto juu ya kreti, na mama mmoja amemimina maji ya moto kwenye beseni, mwingine anamkanda shavu la mguu kwa mafuta ya kuchua, kwa nguvu zote, ulimi nje.

"Ni matuta," wakaniambia. "Ile ya juzi ilikuwa na mawe."

Niliutazama ule mguu. Ulikuwa umevimba, unang'aa, ngozi ina joto, na wa kulia ulikuwa mwembamba vile vile wa siku zote. Jembe halichagui mguu mmoja.

"Toa mikono hapo!" Nilipiga kelele mpaka mbuzi wakaruka. "Usimkande! Hiyo ni damu imeganda. Ikikatika kipande kikaenda kwa mapafu, mtamkanda akiwa maiti!"

Yule mama akaondoa mikono na kuifuta kwa nguo yake. Nikachuchumaa mbele ya Ndunge.

"Ndunge, unameza nini?"

"Isyo ya mahindi na maharagwe, na chai."

"Nauliza vidonge."

"Mimi niko na shida ya mguu, wifi. Sina shida ya vidonge."

Niliwageukia wengine. Wote walikuwa wanaangalia kuku, na wale kuku hawakuwa wakifanya jambo lolote la kutazamwa. Nikajua kuna kitu. Nikajua pia kwamba sitaambiwa.

Tukampeleka hospitali mjini kwa pikapu ya jirani, mguu umeinuliwa juu ya gunia la mahindi. Tukampata daktari kijana, Daktari Mueni, na nitamsifu kwa sababu anastahili. Alipima mguu kwa ile mashine ya picha, akaiona damu iliyoganda, akaanza sindano za kuizuia isiendelee. Halafu alikaa kitandani na kuuliza yote ambayo ningeuliza mimi. Umewahi kuganda damu? Unameza homoni yoyote, ya uzazi, ya joto, ya jirani? Kuna damu inayotoka wakati hedhi ilishakoma? Una uvimbe kwenye titi, shida ya ini, kichwa kinachouma upande mmoja?

Ya kuganda, Ndunge alikubali, kwa kuwa mimi nilikuwa nimesimama pale. Mengine yote aliyajibu hapana, kwa heshima, mikono juu ya mapaja. Mtu angempa sakramenti.

Siku iliyofuata pumzi yake ilianza kuwa fupi. Alikuwa anasema maneno matatu, anapumzika, anasema mengine. Daktari Mueni akaniita kwenye korido.

"Mama, naogopa kipande kimefika kwa mapafu. Tunampeleka kwa picha ya kifua. Lakini kuna kitu hakiniingii. Kama kuna kitu anameza ambacho kinagandisha hii damu, na bado anakimeza, mimi hapa napoteza sindano. Anaweza kutufia."

"Amekataa kuniambia."

"Wewe ni wifi yake."

"Ndiyo maana," nikamwambia.

Niliogopa, wanangu. Asubuhi ile nilikuwa nimemwona Ndunge akiomba maji, na muuguzi hakuwa amempa kitu cha kumeza. Nikamuuliza, akasema ana kiu. Mkono wake ulikuwa kwenye fundo la leso aliyojifunga kiunoni. Mnaweza kuniambia ningemfungua leso kwa nguvu, lakini hamjawahi kuwa na wifi. Kumvua nguo dada wa mume wangu mbele ya wodi nzima, akiwa anahema vile, lingekuwa jambo la ukoo kukalia mkutano. Na kama ningekosea, asingemeza tena hata maji kutoka mkononi mwangu.

Saa za kuona wagonjwa zilipofika, mwethya ukaja mzima, na maua, na uji kwenye chupa, na mwimbishaji wa nyimbo za kanisa. Nilimshika Mama Mbithe mkono kabla hajaingia.

"Mwenyekiti, Ndunge anakufa. Sijui mnaficha nini na sitaki kujua ni kosa la nani. Ile damu ikiendelea kuganda, kesho kutwa mwethya utachimba kaburi."

Akautoa mkono wake. Akanipita akaingia.

Walisimama kuzunguka kitanda. Mwimbishaji akashika sauti, na Mama Mbithe akainua mkono kumnyamazisha. Daktari Mueni alikuwa upande wa pili na karatasi ya ile picha ya kifua. Mama Mbithe hakumwangalia mtu. Aliangalia blanketi.

"Dada zangu, ile siku nilienda Nairobi, niliwaambia nimekatwa kidole tumbo. Ilikuwa uongo. Mimi nilitolewa kizazi, na mayai. Kila kitu. Niliona aibu, mtasema mwenyekiti wenu ni mtupu ndani. Ile vidonge niliwapatia, daktari aliniandikia peke yake kwa sababu mimi sina kizazi. Nyinyi mko nayo. Na Ndunge nilimpatia na hii mkono yangu."

Akaanza kulia, wazi, bila kujifunika. Sikuwahi kumwona Mama Mbithe akilia hata alipomzika mumewe.

Daktari Mueni hakugomba. Alieleza taratibu kwamba estrojeni peke yake, kwa mwanamke ambaye bado ana kizazi, hunenepesha ukuta wa ndani ya kizazi, na baada ya muda inaweza kuleta saratani, ndiyo maana mwenye kizazi hupewa na homoni ya pili ya kumlinda. Akasema wote waache leo, na wote waje wapimwe. Nyuma kabisa, mama mmoja akasema kwa sauti ndogo kwamba yeye ameanza kuona damu tena, na alikuwa anadhani ujana umerudi. Hakuna aliyecheka. Daktari akamwambia, wewe hutarudi nyumbani leo kabla sijakuona.

Kisha wote tukamgeukia Ndunge. Alikuwa ameegemea mito, midomo imefifia, mkono bado kwenye fundo la leso. Hakumtazama Mama Mbithe. Alinitazama mimi.

"Mama Mutinda." Akavuta pumzi. "Wewe tangu jana unaniuliza nameza nini. Kama askari wa barabarani." Akavuta nyingine. "Na wewe? Wewe hukuchemka?"

Nilifungua mdomo nimwambie kwamba anayeulizwa hapa ni mgonjwa, na kwamba mimi ni mtu wa kazi hii, najua niulize nini na nani ajibu. Kifua chake kilikuwa kinapanda na kushuka haraka. Mwethya wote unanisubiri. Daktari ananisubiri. Hata wa vitanda vya jirani walikuwa wametega masikio.

"Nilichemka," nikasema. "Miaka. Pale pale kaunta, koti jeupe limelowa mgongo mzima, nikiwauzia wengine dawa. Kaka yako nilimwambia ni malaria. Alinilisha dawa za malaria mpaka akachoka."

Kwenye kitanda cha pili, mwanamke tusiyemjua alipasuka kicheko. Ndunge naye akacheka, kicheko kifupi kilichomkata pumzi na kumtoa machozi. Akafungua fundo la leso, na vidonge vilivyobaki akavimimina kwenye kiganja cha daktari.

"Hizi ndizo zimebaki," akamwambia. "Zingine nimemeza hapa hapa kitandani kwako. Joto ya hii wodi yenu, daktari, si mchezo."

Ndunge hakufa. Alikaa wodini mpaka pumzi ikarudi, akatoka na dawa ya kuzuia damu isigande, ambayo nayo ina ugomvi wake na mboga za majani, na kwa joto lake akapewa njia isiyo ya homoni. Mguu bado unavimba jioni, na matuta hachimbi tena, anatupikia. Mimi nilirudi kaunta nikamalizia miaka yangu ya kazi. Na hata sasa nimestaafu, akija kwangu mama wa umri wetu, anayeangalia huku na huku kabla ya kusema, simuulizi kwanza anameza nini. Namwambia mimi nilichemka miaka, nikamdanganya mume wangu ni malaria, kisha nanyamaza, nasubiri.